KUUMWA KICHWA SI UVIVU



Sisi tunaoandika haya ni watu wa Bura, ule upande wa Garissa wa mto Tana, tulioajiriwa kazi ya reli. Reli yenyewe haijafika kwetu. Ile iliyopangwa kutoka Lamu kupita Garissa hadi Isiolo, ambayo mradi wake ulizinduliwa Lamu mwezi wa Machi 2012, tungali tunaingojea. Kwa hiyo mwaka mzima twakaa mbali, wengine Mombasa, wengine Voi, wengine Nairobi, na likizo ikifika twarudi nyumbani kwa basi kuwaona wazee. Na jambo moja tumeliona sawasawa, kwenye gengi la njia na nyumbani kwetu vilevile: watu wengi mno huumwa kichwa, huumwa kila juma, huumwa miaka na miaka, na hakuna anayelifanya kuwa shauri la maana.

Mtu akivunjika mguu, mnyapara huita gari. Mtu akitapika damu, wenzake humbeba. Lakini akisema, "Bwana, kichwa chaniuma, siwezi hata kuutazama mwanga huu," huchekwa. Ataambiwa alilewa jana, au alikesha na miraa, au hapendi kazi. Tena si wakubwa tu wasemao hivyo. Sisi kwa sisi twasemana hivyo, na hili ndilo linalotuudhi zaidi, maana mkubwa ana faida katika kumwita mtu mvivu, lakini wewe mwenzake wapata faida gani?

Sisi twasema kwamba kichwa cha kila mara ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine. Una jina, una dawa yake, na mengi yanayouchochea yamo katika kazi yetu na katika mazoea yetu. Basi si shauri la mtu mmoja na pakiti yake ya vidonge. Ni shauri la chama.

Shirika la Afya Duniani lasema kuwa katika kila watu 100 ulimwenguni kama 40 wana ugonjwa wa kichwa wa namna moja au nyingine. Kwa hesabu ya mwaka 2021 ni watu bilioni 3.1. Ule mkali zaidi, wazee wetu wa pwani walikwisha kuupa jina zamani: kipandauso. Wayunani wa kale nao waliuita kwa neno lenye maana ya nusu ya kichwa. Mtu kama mmoja katika kila 7 duniani anao, na wanawake ni wengi kuliko wanaume, mara mbili au tatu.

Kipandauso chajulikana kwa tabia zake. Mara nyingi hushika upande mmoja wa kichwa, hugonga kama moyo unavyopiga, na ukipanda ngazi au ukiinama kufunga kiatu huzidi. Mtu huona kichefuchefu, pengine hutapika. Mwanga humchoma, kelele humchoma, hata harufu ya dizeli au ya kitunguu kinachokaangwa humchoma. Asipotibiwa hukaa naye tangu saa 4 hadi saa 72, yaani siku tatu nzima. Kisha humwachia, na mtu huyo utamwona anacheka kama aliyekuwa hana lolote, na hapo ndipo watu husema, "Si mnaona? Alikuwa anajisingizia." La, hakujisingizia. Ndivyo ugonjwa huu ulivyo, huja na kwenda, na wakati haupo hakuna alama mwilini mwa mtu ya kumwonyesha mnyapara.

Iko namna nyingine iliyo ya kawaida zaidi: kichwa kinachobana pande zote mbili kama kilemba kilichofungwa kwa nguvu, bila kutapika, na mtu aweza kuendelea na kazi ingawa kwa taabu. Hiki hutokana na uchovu, mawazo, shingo iliyokaza. Na iko ya tatu, ya watu wachache, ambayo huchoma nyuma ya jicho moja mpaka jicho likatoka machozi na pua ikatiririka upande ule ule, mara nyingi usiku, saa ile ile, kwa majuma kadhaa. Mwenye hiyo hawezi kulala, huzunguka chumbani. Huyo asipoteze fedha zake kwa vidonge vya dukani. Aende hospitali, kwa maana yeye hutibiwa hata kwa kuvuta oksijeni safi.

Hapa tuseme neno juu ya usalama wa treni. Baadhi ya wenye kipandauso, kabla ya maumivu kuanza, huona vitu. Huona mwanga wa mistari iliyopindapinda kama meno ya msumeno, ukianza mdogo katikati ya macho na kutanuka polepole, na mahali ulipopita huwa pana giza, haoni. Wengine ganzi hupanda kutoka vidoleni hadi mdomoni, au maneno hukwama. Hali hii huchukua kama dakika 5 hadi saa nzima, kisha huisha. Watu wetu huiogopa sana wakadhani ni majini. Lakini mtaalamu mmoja wa Marekani, Karl Lashley, alikuwa nayo mwenyewe, akakaa akaupima mwanga wake kila ulipomjia, na mwaka 1941 akaandika kwamba kuna kitu kinachotambaa juu ya ubongo kwa mwendo wa kama milimita 3 kwa dakika. Baadaye ilionekana kuwa alikisia sawa. Ni wimbi linalopita katika ubongo, nalo ni la polepole kuliko chungu. Twampenda bwana huyu kwa sababu aliumwa akachukua kalamu.

Sasa fikirini dereva wa injini, au mtu wa kubadilisha njia, au yule anayesimama na bendera kuwalinda wenzake wanaopiga mataruma. Nusu ya signali haioni kwa nusu saa. Huyu yampasa kusema papo hapo, na yampasa kupumzishwa papo hapo. Atasema? Hatasema, ikiwa anajua kwamba kusema ni kuandikwa vibaya katika faili lake au kukatwa mshahara. Mwajiri anayemwadhibu mtu aliyesema kweli hapati watu wenye afya, apata watu wanaoficha. Twataka wakubwa wa kila idara waisome sentensi hiyo mara mbili.

Tuje kwenye vidonge, maana hapa pana neno zito kuliko yote.

Katika kila gengi yuko mtu mwenye pakiti mfukoni. Asubuhi humeza viwili kabla ya kushika sururu, adhuhuri viwili, jioni viwili apate kulala, na akiombwa huwagawia wenzake kama mtu anayegawa tumbaku. Dukani Bura vidonge vyauzwa kwa rejareja pamoja na sukari na kibiriti. Mama aja kununua majani ya chai, anunua na vya kichwa, kila siku, miaka mitano. Ukimwuliza vyamsaidia? Asema, "Vyanisaidia saa mbili tatu, halafu chaanza tena." Mwulize zamani vilikuwa vyamsaidia muda gani? "Siku nzima."

Ndugu, kidonge cha maumivu ya kichwa kikimezwa siku nyingi mno, chenyewe huanza kuleta maumivu ya kichwa. Madaktari wanaijua hali hii na wameiwekea kipimo. Mtu anayemeza vidonge vya kawaida, yaani aspirini, parasetamoli au ibuprofeni, siku 15 au zaidi katika mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, na kichwa chamwuma siku 15 au zaidi katika mwezi, huyo huenda ameshikwa na vidonge vyenyewe. Kwa vile vilivyochanganywa dawa mbili tatu pamoja na kafeini, au vyenye kodeini, ni siku 10 tu. Siku, si idadi ya vidonge. Anayemeza kimoja kila siku yumo hatarini kuliko anayemeza vinne siku moja ya juma.

Jambo hili ni gumu kuamini, twajua. Mtu ana maumivu, dawa yampa nafuu, nawe wamwambia dawa ndiyo mchokozi. Lakini tazameni mtu wa sigara: asubuhi mikono hutetemeka, avuta, yatulia, naye asema sigara humtuliza. Ni nini kilichomtetemesha?

Dawa ya hali hii ni kuacha. Siku za kwanza kichwa huuma zaidi, pengine juma zima au mawili, na wengi hurudi dukani siku ya tatu wakisema, "Mnaona, siwezi bila hivyo." Anayevumilia, katika majuma yanayofuata kichwa hupungua, na zile dawa ambazo hazikuwa zikifaa huanza kufaa tena. Ni bora kuanza wakati wa likizo, nyumbani, watu wakijua. Bali aliyezoea vya kodeini au tramado, au dawa za usingizi, asiache ghafula peke yake. Hao wapunguziwe na daktari.

Tena mjue kwamba dawa hizi zina madhara mengine. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki juu ya tumbo tupu hutoboa tumbo, na mtu aliyekauka maji kwa jua naye azimeza kila siku huzidhuru figo zake. Garissa mwezi wa Machi joto hupita digrii 35 siku nyingi, na kwenye reli, ambako chuma na kokoto vyarudisha joto usoni, ni zaidi. Parasetamoli ni pole kwa tumbo, lakini mtu mzima asipite vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku na usiku, kwani ini huharibika, na vidonge vingi vilivyochanganywa vina parasetamoli ndani bila mtu kujua.

Je, twasema watu wasimeze kabisa? Hapana. Mwenye kipandauso ameze mapema, maumivu yanapoanza tu, asingoje mpaka atapike, maana tumbo likigoma dawa haifiki. Na ameze kiasi kitoshacho: mtu mzima vidonge 2 vya parasetamoli vya miligramu 500, au ibuprofeni miligramu 400, au aspirini 3 za miligramu 300, kwa maji mengi na chakula kidogo, kisha akae gizani. Lakini isizidi siku mbili katika juma. Mjamzito, mwenye vidonda vya tumbo, mwenye ugonjwa wa figo, na mwenye pumu ambaye dawa hizo humbana kifua, wasiguse aspirini wala ibuprofeni bila kuuliza. Na mtoto asipewe aspirini.

Anayeshikwa mara nne au zaidi kwa mwezi, huyo ana haki ya kuomba dawa ya kuzuia. Wengi hawajui kama ipo. Ni vidonge vya kumezwa kila siku kwa miezi, si vya kuua maumivu bali vya kuupoza ubongo usichokozeke. Propranololi, ambayo wengine huijua kuwa ya moyo na presha, ni mojawapo, ingawa mwenye pumu hapewi. Amitriptilini ya usiku ni nyingine. Ni dawa za siku nyingi, zisizo za bei ya kutisha, nazo huandikwa na daktari, si na mwenye duka. Ziko pia dawa za kukikata kipandauso chenyewe, kama sumatriptani, iliyotokea miaka ya 1990, lakini hiyo kwa mfuko wa mtu wa gengi ni ghali, hatutadanganyana. Na mama mwenye kipandauso cha kuona mwanga amwambie muuguzi wa uzazi wa mpango kabla ya kupewa vidonge, kwani baadhi yake humzidishia hatari ya kiharusi, na muuguzi anazo njia nyingine za kumpa.

Sasa tuseme juu ya chai.

Kwetu Bura, kama mahali pote pa Kaskazini Mashariki, mtu hunywa chai ya maziwa na sukari asubuhi, saa nne, adhuhuri, alasiri na usiku. Ukija mwezi wa Ramadhani, siku ya kwanza na ya pili vichwa hupasuka mji mzima, na watu husema ni njaa au ni kiu. Kwa sehemu ni kweli. Lakini mwaka 1999 madaktari wawili wa Saudi Arabia walichapisha uchunguzi juu ya wafanyakazi 116 wa hospitali, ambao walikuwa wafanyakazi kama sisi. Miongoni mwa waliofunga, 41 katika kila 100 waliumwa kichwa siku ya kwanza ya Ramadhani. Miongoni mwa wasiofunga, 8 tu. Na sababu kubwa waliyoiona ilikuwa kukosa kahawa na chai. Mwili uliozoea kafeini ukiikosa hulalamika baada ya saa 12 hadi 24, na malalamiko yake ni kichwa.

Kwa hiyo ndugu Waislamu wanaoumwa wafanye hivi: juma moja au mawili kabla ya mwezi kuandama, wapunguze chai kidogo kidogo, vikombe vitano viwe vinne, kisha viwili. Wale daku, wasiliache kwa ajili ya usingizi, na wanywe maji ya kutosha usiku. Mwenye kipandauso kikali cha mara kwa mara aongee na daktari na sheikh wake mapema, kwa kuwa mgonjwa ana ruhusa katika dini, na halazimiki kujiua. Sisi wengine tuliosoma shule za misheni tusicheke: mtu wa zamu ya usiku anayekosa chai yake ya saa kumi huumwa vilevile, awe wa dini gani.

Miraa yaenda pamoja na hayo. Hatutaki kugombana na mtu, na twajua ni biashara ya wengi. Twasema tu kwamba anayetafuna mpaka alfajiri hakulala, hakula, na hakunywa maji ya kutosha, na hayo matatu, kila moja peke yake, latosha kumwamsha kipandauso mwenye nacho.

Kosa jingine la kwetu ni kuita kila kichwa malaria. Mtu kichwa chamwuma, homa hana, aenda kununua dawa ya malaria, ameza, siku ya tatu kichwa chaisha (kingeisha hata bila hiyo), naye aamini amepona malaria. Mwezi ujao afanya tena. Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani limeagiza kwamba mtu apimwe damu kwanza ndipo apewe dawa. Kipimo ni tone la damu kidoleni. Ukipimwa ikaonekana huna, usimkasirikie mpimaji. Mwambie sasa tutafute ni nini. Ndivyo na presha. Wengi hudhani kichwa kikiuma ni presha imepanda, na kisipouma wako salama. Presha nyingi haina dalili yoyote, hupimwa kwa mashine tu.

Wazee wetu hufunga kichwa kwa kitambaa kilichokaza, nayo haina madhara, wengine yawapa nafuu. Lakini kule kuchomwa chuma cha moto kichwani twaomba kukome. Tunawaheshimu wazee, ngozi iliyochomwa huoza, na kipandauso kingepita siku ya tatu vyovyote.

Yako maumivu ya kichwa ambayo si ya kungoja hata saa moja. Yanayokuja ghafula kama kupigwa rungu, makali kuliko yote mtu aliyowahi kuyaona. Yenye homa na shingo isiyokunjika. Yenye kupooza upande, kupindika mdomo, degedege au kuchanganyikiwa. Yanayoanza kwa mara ya kwanza baada ya miaka 50. Yanayofuata kuanguka au kugongwa kichwa, hata kama mtu alisimama akasema mzima. Ya mjamzito, hasa akivimba au macho yakififia. Ya mtu mwenye virusi vya Ukimwi. Na yanayozidi juma kwa juma bila kurudi nyuma. Hapo ni gari na hospitali, Garissa kama ndiko karibu. Vilevile aliyekuwa akipulizia dawa ya wadudu shambani, akaumwa kichwa huku akitoka mate na jasho, apelekwe na chupa ya dawa ionekane.

Na wale walinzi na watu wa njia wanaolala katika vibanda: watu wawili watatu wakiamka wote na kichwa chumbani mlimokuwa na jiko la makaa, msizungumze habari za kipandauso. Ni hewa ya sumu ya makaa, haina rangi wala harufu, nayo huua. Tokeni nje. Jiko lisilale ndani.

Turudi kazini. Tumesema ugonjwa huu wachokozwa na vitu. Mtu huzaliwa na ubongo wa namna hiyo, mara nyingi mama au baba alikuwa nao. Lakini bunduki kujaa risasi ni jambo moja, na kufyatuliwa ni jambo jingine. Wanaofyatua ni hawa: kukosa maji, kukosa chakula saa yake, kukosa usingizi au kulala mno siku ya mapumziko, jua linalometa, kelele, moshi, na zamu zinazobadilishwa juma hili usiku juma lile mchana. Isomeni tena orodha hiyo mniambie kama si picha ya kazi ya reli.

Sheria inasemaje? Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 32, yamtaka mwajiri awape wafanyakazi wake maji safi ya kutosha mahali pa kazi. Haikusema maji ya stesheni iliyo kilomita 6 nyuma. Kifungu cha 27 chatoa siku moja ya kupumzika katika kila siku 7. Kanuni za Kelele za mwaka 2005 zakataza mfanyakazi kukaa katika kelele inayopita desibeli 90 kwa saa 8. Mtu wa karakana anayelazimika kupiga yowe ndipo asikiwe na mwenzake aliye hatua moja, huyo ajue kipimo kimekaribia au kimepita, aombe kuja kupimwa. Na Sheria ya Usalama na Afya Kazini, ya mwaka 2007 pia, yaagiza kuwa mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama yenye wajumbe wa wafanyakazi. Twauliza matawi yote: kamati hiyo kwenu ipo? Ilikutana lini? Maji ya gengi, kivuli cha kulia chakula, kofia pana, miwani ya kinga kwa wachomeleaji na ya jua kwa watu wa njia, na mpango wa zamu unaotangazwa mapema, yaliandikwa katika kumbukumbu zake? Kama hayakuandikwa, wajumbe wetu wanakaa pale kunywa soda.

Juu ya ruhusa ya ugonjwa, kifungu cha 30 chasema kwamba aliyefanya kazi miezi miwili mfululizo ana haki ya siku zisizopungua 7 kwa mshahara kamili, kisha 7 kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12; na mapatano ya chama yaweza kutoa zaidi, hayawezi kutoa pungufu. Cheti kitiwe sahihi na daktari, au na mtu anayeshika zahanati kwa niaba yake. Hapa wengi wamedanganywa. Tunawajua wenzetu waliorudi kutoka likizo na cheti cha zahanati ya mashambani wakaambiwa hakifai, wakakatwa siku zao. Sheria haikusema cheti kitoke Nairobi. Wala haikusema kwamba kipandauso si ugonjwa.

Tena tangu Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii imeshika mahali pa NHIF, na kila mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Fedha zimekwisha kutoka mfukoni mwako. Kwa nini uende dukani kununua ugonjwa wa pili kwa fedha nyingine?

Sasa tunaomba kila mwanachama mwenye kichwa cha mara kwa mara afanye kazi ndogo ya miezi mitatu. Achukue daftari la shule la mtoto. Kila siku kichwa kikiuma aandike tarehe, saa kilipoanza, upande gani, kama alitapika, alimeza nini na vingapi, alilala saa ngapi, alikula, alikunywa maji, alikuwa zamu gani. Mke au mume asiyeumwa amsaidie kama hajui kuandika. Daktari mwenye wagonjwa 60 mlangoni hana nafasi ya kukusikiliza nusu saa, lakini ukurasa mmoja atausoma, na mara nyingi ataliona lile ambalo wewe hukuliona. Na madaftari 20 ya gengi moja, yote yakionyesha kwamba vichwa huanza siku ile maji hayakuletwa, hayo hatutampelekea daktari. Hayo tutayaweka mezani mbele ya mwajiri.

Anayetaka kusaidiwa kuyachora majedwali aje kwa katibu wa tawi baada ya kazi. Na aliyekataliwa cheti katika miezi 12 iliyopita akilete chenyewe, pamoja na karatasi ya mshahara ya mwezi ule aliokatwa.